Buku ya Patanti ya Katiye Ngezi

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 2 mwezi wa tisa

Leo Gauthier, mutu wa patanti, ile karatasi ya kodi ya biashara, alikuya ku meza yangu. Viatu mupya, kichwa ile ile ya zamani. Alizunguka masini yangu ya kuandika kama mutu anayetaka kununua mbuzi ya mwizi. Akauliza: Muzee Floribert, hii kitu unaitangaza ginsi gani? Nikamuambia: ni masini. Akafungua karatasi yake. Hapana, anasema, kuko "meza ya njia" na kuko "emprimeri". Masini yenye kutoa maandiko ni emprimeri, nyumba ya kuchapa. Emprimeri inalipa mara makumi mbili ya meza.

Masini moja. Utepe ya wino imekauka tangu Pasaka. Herufi ya R ilivunjika, R zote nazitia na biki. Ndiyo emprimeri.

Nikamuonyesha patanti yangu ya mwezi wa kwanza, kashe yake, ile muhuri, safi. Akacheka. Ile kashe ni ya bakubwa benye balikimbia, anasema. Tangu mwezi uliopita muji iko na bakubwa bengine na kashe ingine. Akanionyesha. Batu bameshika muji muzima na bunduki, lakini kashe yao balikata ndani ya kandambili. Hata alama ya soli inaonekana.

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa ine kwa Mapadri ku Fataki. Mwaka wa ine ya wakati ile, siyo ya leo. Kisha miaka kumi na mbili nilipima samaki ku depo ya Mahagi-Port, kwetu ku ziwa, na hakuna kilo moja ilipotea mu kaye yangu, daftari ya depo. Tangu miaka makumi mbili na tatu nakaa hapa mbele ya nyumba yangu, ku kando ya njia, naandikia batu barua, mashitaki, fomu ya kodi. Nusu ya bachuuzi ya Ngezi, mutaa yetu, habana kitu mbele ya Leta, serikali, bila mukono wangu. Gauthier mwenyewe alimaliza masomo yote, na maandiko yake inatembea kama mulevi anayetafuta choo.

Amenipa mpaka siku ya tano. Emprimeri, ao nifunge.

Siku ya pili, tarehe 3

Mama Scholastique anauzisha bunga ya muhogo pembeni yangu. Miaka saba sasa. Bunga yake inaanguka ku masini yangu, mimi navumilia.

Leo alileta fomu ya patanti mupya nimujazie. Fomu ni ile ile ya zamani, babadilisha kichwa tu. Nikajaza jina, nikajaza nyumba, nikajaza biashara. Tulipofika ku mustari ya kolektivite ya asili, kusema inchi ya mababu yake, akatia kidole juu ya karatasi. Papa, ile uache.

Nikamuambia: Mama, hakuna fomu inatoka ku meza yangu na tundu. Mutu wa Leta akiona tundu anatia maneno yake mwenyewe.

Akajibu: Basi atie yeye. Na mukono yake.

Mukono yangu iko na ugonjwa gani? Nilikamata biki kwa nguvu. Akaninyanganya karatasi, akarudi nyuma ya bunga yake, akanuna mpaka jua kushuka. Mununuzi akimuuliza bei, anajibu kwa kidole.

Najua anachoogopa. Tangu bale bapya baingie, swali mu njia ni moja: weye wa kolektivite gani? Bengine balijibu vizuri, kwa ukweli, na tangu siku ile hakuna mutu alibaona. Na kolektivite ya Mama Scholastique ni kati ya ile benye banatafuta. Lakini hiyo ni mambo ya njia. Karatasi ni karatasi. Mu mwezi wa kwanza nilimujazia ile mustari na hakukufa. Bamama banapenda kuogopa.

Siku ya ine, tarehe 5

Sasa banajua mimi ni nani.

Gauthier alirudi leo, mupole kama paka mbele ya samaki. Chini ya mukono alikuwa na buku kubwa ya patanti ya Ngezi. Nikaitambua mbali. Ni mimi niliiandika mu mwezi wa kwanza, kwa bakubwa ya zamani, siku kumi na moja ya kazi. Paa ya buro yao, ofisi ya kodi, ilitobolewa na bombe mwezi wa nane, mvua ikaingia, wino ikatembea. Baliita makarani batatu. Hakuna mwenye aliweza kusoma. Mimi nikafungua pale pale ukurasa ya katikati na nikamusomea mistari kumi bila kusimama. Mukono yangu naijua hata ikizama mu maji. Gauthier akatoa kofia.

Shauri ni hii: niikopie yote, kuiandika tena mu kaye mupya, batu 214, nimalize siku ya tano ya juma ijayo, tarehe 13. Yeye ataniandika "meza". Emprimeri imekufa.

Tena kazi ni nusu. Buku iko na kolone tano: jina, nyumba, kolektivite, biashara, franga. Gauthier anasema nikopie tatu za kwanza tu. Biashara na franga niache. Nikamuuliza mara mbili. Akasema: Tatu za kwanza, Muzee, bakubwa habana haja ya ingine.

Bakubwa bavivu. Vizuri kwangu.

Siku ya tano, tarehe 6

Nimefika mutu ya 60. Namna hii ndiyo kazi. Herufi zangu zinasimama kama askari ya Babeleji.

Nilisahau namna gani niliandika nyumba. Bengine banaandikaka "Ngezi" tu, na mutoza-kodi anazunguka siku tatu kama kuku ya kipofu. Mimi hapana. Mimi niliandika: "njia ya pompe ya maji, nyumba ya tatu ku mukono ya kuume, mulango ya bleu, muti ya avoka." Mutu anafika hata na macho yamefungwa. Gauthier angekaa chini ajifunze.

Mama Scholastique aliona ile buku. Alihamisha kiti yake akanigeuzia mugongo.

Siku ya posho, siku ya sita, tarehe 7

Katsuva iko na duka ya misumari ngambo ya njia, inaangalia meza yangu. Ni Munande, kabila ya bachuuzi, maneno mingi, mizani yake ni ya kuongopa lakini mutu mwenyewe hapana. Saa sita alivuka, akainama juu ya kaye yangu bila kuitwa.

Akasema: Muzee, franga iko wapi?

Nikasema: Franga habaitaki. Banataka kolone tatu tu.

Akahesabu kolone na kidole, mara mbili. Kisha akasema: Niko mu biashara tangu nilivaa kaputula. Sijaona kodi yenye haitaki kujua franga. Bale habaulizi unalipa ngapi, Muzee. Banauliza unalala wapi.

Nikamujibu arudi ku misumari yake. Mutu anauzisha kwa kilo, leo anataka kunifundisha buku ya Leta.

Akaenda. Hakucheka, na Katsuva anachekaka hata ku kilio.

Siku ya Mungu, tarehe 8

Misa. Padri alihubiri muda mrefu, sikusikia.

Kurudi nilifungua kaye. Mistari 60. Nilisoma tena, polepole, siyo kama mwandishi, kama mutu ya inje. Jina. Mulango. Kolektivite. Jina. Mulango. Kolektivite.

Sikukopia kitu leo. Ni siku ya Mungu, ni haramu kufanya kazi.

Siku ya kwanza, tarehe 9

Rémy, fundi wa sola, shemeji ya Katsuva, alifika asubui kutoka katiye ingine, mutaa ya ngambo ya mutoni. Alikuwa na fuko moja na kiatu moja. Katsuva akaniita nisikie mwenyewe. Sikutaka kuvuka njia. Nikavuka.

Rémy anasema balikuya kwao siku ya posho, saa ya chai. Mara hii habakuuliza mutu swali. Mumoja alikuwa na kaye, alikuwa anasoma kwa sauti. Banaingia mulango hii, banaruka mbili, banaingia ingine. Mulango ya Rémy baliruka. Jirani yake habakumuruka, wala muke ya ule jirani. Na kwao pia, mwezi uliopita, mutu wa patanti alikuya kuandikisha buku upya, tena kolone tatu.

Nikamuuliza: Maandiko ya ile kaye ilikuwa ya namna gani?

Akaniangalia kama mimi ni mwenda wazimu. Hakuona maandiko, anasema, alikuwa chini ya kitanda.

Nilirudi. Mama Scholastique alikuwa anapima bunga. Katika buku yeye ni mutu ya 97. "Nyuma ya nyumba ya Muzee Floribert, mulango ya mabati, choo ya matofali." Ile choo niliiongeza juu ya kupendezesha.

Hakuna mutu mu muji hii mwenye angeweza kusoma ile buku. Makarani batatu balishindwa. Ni mimi niliisoma, mbele ya Gauthier, mistari kumi, na kifua mbele.

Siku ya pili, tarehe 10

Batu basiseme kesho kwamba niliogopa. Sikuogopa. Ni kazi mubaya, na mimi sifanyi kazi mubaya. Ni hiyo tu.

Nilipasua zile kurasa za batu 60 nilikuwa nimekopia, nikazipa Mama Scholastique awashie makaa. Saa nane mvua kubwa ilianguka, nikatia buku ya zamani chini ya mufereji ya paa, imefunguliwa, na jiwe juu. Niligeuza kurasa moja moja, kama mutu anachoma mahindi. Saa kumi ilikuwa uji. Wino yangu mwenyewe. Ilikaa miezi nane na bombe moja. Kama si mimi kuiua, ingekuwa hai.

Kisha nikaanza kaye ingine, na kichwa tu, juu batu bote nabajua.

Jina: nimeacha jina ya ukoo, juu jina ya ukoo inasema kila kitu. Naandika jina ya ubatizo na biashara, kama tunavyoitana hapa kila siku. Scholastique Bunga. Alphonsine Mafuta. Laurent Ngozi. Nani atasema siyo batu benyewe?

Nyumba: "Ngezi, karibu na njia." Bote 214. Maisha yangu yote sijaandika uchafu namna ile.

Kolektivite: Mahagi-Port. Najua, Mahagi-Port ni kivuko na soko, siyo kolektivite. Habatajua. Batu ya kwetu habako mu vita hii, hakuna anayetutafuta. Basi bote ni ya kwetu. Niliwazia kuchanganya, hawa huku, hawa kule. Lakini nikiacha mutu moja na kolektivite yake, nimechagua. Mimi si Mungu, niko mwandishi.

Siku ya tatu, tarehe 11

Leo nilimuambia Mama Scholastique. Nilingojea aksanti. Mutu anafanya kitu kama ile, anangojea hata kikombe ya chai.

Akasema: Papa, mu mwezi wa kwanza nilikuomba ile mustari uiache. Juma iliyopita nikakuomba tena.

Nikasema: Nimeitengeneza.

Akasema: Umetengeneza sahani yenye ulivunja.

Kinywa ya bamama. Kisha akaendelea: Na kama banakuya kuuliza? Nikasema: Unajibu Mahagi-Port. Akasema: Na luga gani? Sijawahi kuona ile ziwa yenu. Samaki naijua ikiwa mu sufuria.

Ile sikuwaza. Kichwa ilikuwa na kazi mingi.

Nikamuambia basi akimbie. Akanionyesha njia na kidole. Kwa kila barière, kizuizi ya askari, anasema, ni swali ile ile tu. Binti yake Abigaël alizaa juma iliyopita, anatembea bado akishika ukuta.

Siku ya tano, tarehe 13

Nilivaa koti. Nilipeleka kaye buroni mimi mwenyewe, na ile uji ya zamani mu fuko ya plastiki.

Gauthier alifungua kaye. Kidole yake ikashuka kolone ya tatu. Ikashuka, ikashuka. Akageuza ukurasa. Ikashuka tena. Niliona shingo yake inatoa jasho. Akauliza kwa sauti ya chini: Muzee, kule Mahagi-Port kulibakia mutu?

Nikasema: Kulibakia mbwa na samaki.

Akaniangalia. Nilingojea apige kelele. Hakupiga. Akafunga kaye pole pole, akachukua kashe ya kandambili, akapiga juu yake. Nilitaka kumudharau na nikakosa mahali pa kuanzia. Nitapata siku ingine.

Lakini ku meza ya nyuma kulikuwa mukubwa moja wa nguo ya kijani, sikumuona mbele. Akanyoosha mukono. Akasoma ukurasa moja, siyo zaidi. Alijua kusoma, yule. Akacheka kidogo. Akasema: Muzuri sana. Niko na kijana wangu moja, alizaliwa ku Mahagi-Port. Anakumbuka kwao mingi, maskini. Kesho atapita na hii kaye kusalimia ndugu yake bote mu luga ya kwao. Utafurahi, Muzee?

Nikasema nitafurahi.

Akasema: Na mwandishi akae kwake. Mutu akishindwa kujibu salamu, basi ni mwandishi alidanganya.

Ku mulango Gauthier akanipa patanti yangu. Imeandikwa "meza". Hakuniangalia mu macho.

Siku ya posho, tarehe 14

Saa mbili ya asubui. Jana jioni Katsuva alipita mulango kwa mulango, na yeye anajua milango zote juu bote bana deni ya misumari. Batu 31 benye kolektivite ingebaua balihamia ku paroasi, kwa Padri, hakuna barière kati, mbele ya giza. Abigaël na mutoto nabo, Katsuva alibasukuma mu toroli chini ya gunia.

Mama Scholastique hakuenda. Nilimufukuza mara tatu. Anasema: Mutu ya 97 anakaa nyuma ya mwandishi, kila mutu anajua. Banaanzia hapa. Bakikosa mutu hapa, kaye imekufa na weye na bale bengine bote. Bakimupata mutu na akajibu, labda batachoka.

Nikamuambia ni ujinga. Akasema: Nifundishe, Papa, saa inaenda.

Tangu alfajiri namufundisha. Kichwa yake ni ya bunga. Salamu ya kwetu iko maneno tatu, hata mbuzi ya Mahagi-Port inaijua, yeye anaitafuna kama muhogo mubichi. Samaki ameshika: jina nne, na namna gani inakaushwa. Kivuko ameshika. Upepo ya asubui inatoka wapi, ameshika. Akijibu haraka inasikilika kama mutu aliyeondoka kwao akiwa mutoto. Hiyo tutasema. Mutu aliyeondoka kwao mutoto. Nimemufundisha vizuri, mwalimu mwengine asingefika hapa.

Saa tatu. Banashuka njia. Gauthier, babili ya bunduki, na kijana moja murefu na kaye yangu chini ya mukono. Kijana anatembea kama batu ya kwetu, kwa kweli. Baliingia kwa Katsuva mbele. Katsuva aliweka chupa mbili ya biere ku meza asubui hii, atabashika kidogo, anajua kuuzisha musumari moja kwa nusu saa.

Nimekaa ku meza yangu, naandika, banikute ku kazi. Mama Scholastique amekaa pembeni yangu, amefunga kitambaa ku kichwa ginsi nilimuonyesha. Midomo yake inatembea, anarudilia salamu.

Banatoka kwa Katsuva.

Ananivuta mukono ya shati. Papa, na baba yangu anaitwa nani tena? Asubui nilimupa jina ya kaka yangu, marehemu, jina murefu ya kwetu, na ameshaisahau mara tano. Mara tano. Nimemuambia aache ile. Aseme jina yangu.